Shangazi Elieth Alivyomfunga Mtani Macho Dukani

Wewe. Kwenu kuna mtu asiyeona, na akitaka kupiga simu, unampigia wewe. Usigeuze shingo, nakusema wewe.

Hapa Tabora mjini, mama asiyeona alimfunga muuza simu macho kwa mtandio wake, mchana kweupe, na muuza simu akatulia kama ananyolewa.

Mama huyo ni shangazi yangu Elieth, mjane wa Cheyo. Simu alikuwa anapigiwa na kaka yake Festo, yaani baba yangu.

Mzee mmoja wa Isikizya, Bundala, alimwambia anataka kuleta posa. Akamtajia namba: ukikubali, nipigie. Shangazi akaishika kichwani.

"Kaka, nipigie Bundala."

"Hapatikani."

Kesho yake, hapatikani. Misimu miwili ya mvua ikapita, sijasahau, hapatikani.

Siku moja akaniambia, "Advera, nipeleke nikanunue simu yangu mwenyewe."

Muuzaji, Mzaramo, akatoa simu ya tachi. "Hii ndiyo habari ya mjini, mama. Rangi ya dhahabu."

Shangazi akaipapasa. Kioo kitupu, kama sahani iliyooshwa.

"Mzaramo wewe, dhahabu naionea wapi?"

Ndipo akavua mtandio, akamfunga macho, akamrudishia simu mkononi. Si mnajua utani wetu watu wa Tabora na Wazaramo, tangu babu zetu walipobeba mizigo kwenda pwani? Mtani hakasiriki.

"Haya, mpigie mkeo."

Jamaa akapapasa. Ikawaka tochi. Akapapasa tena, ikapiga picha pua yake. Duka zima hoi.

"Huyo ndiye mkeo, anamulika hivyo?"

"Mtani, nimekoma. Nifungue."

Akaenda nyuma, akarudi na simu ya mezani ya kutia laini ya kawaida. Nzito, haitembei. Batani kubwa zimeinuka, kwenye tano kuna kidoti unakishika kwa kidole, na ukibonyeza inataja namba. Inataja kwa Kizungu, lakini wani mpaka naini nani hazijui?

Nyumbani shangazi akaiweka kwenye stuli, akabonyeza mwenyewe. Ikaita.

"Bundala, ni Elieth. Mbona hupatikani?"

"Mimi? Simu hii nalala nayo. Kaka yako si ndiye aliyenipigia, akasema umekataa, nisikusumbue?"

Baba alikuwa mlangoni na kikombe cha chai.

"Kaka, nasikia umeacha kunywa."

"Niliona watatucheka, dada. Bibi harusi haoni..."

"Watucheke harusini. Angalau watakuwa wameshiba."

Jumamosi posa ikaja. Na kwa mila, wa kuipokea ni nani? Baba huyohuyo.

Baba si mtu mbaya. Anampenda dada yake, kama wewe unavyompenda wako, na hapo ndipo ninapokuogopa.

Kwa hiyo nyanyuka. Nenda dukani leo, fumba macho, bonyeza. Ukipotea wewe, naye atapotea, irudishe. Ukipata inayokubali kidole, ipeleke, iweke anapofikia.

Akianza kupiga, toka chumbani. Na mlango ufunge.