Koti Lilelile la Kijani

Mbega walichukua miaka miwili kumzoea. Binti yake alipewa siku nne.

Ndivyo bibi alivyokata shauri. Alishuka kwenye basi akiwa na mjukuu wa miaka saba, mfuko wa nguo na mto wa kulalia, akasema hata kabla ya kunywa maji, "Mwanangu, magoti yangu yameshastaafu. Nahamia kwa kaka yako. Mtoto akikubali kubaki na wewe, abaki, aanze shule hapa. Akikataa, naondoka naye. Mimi simlazimishi mtoto wa watu."

"Mtoto wa watu ni wangu, mama."

"Ni wako kwa kuzaa. Hayo mengine mtayamaliza wenyewe."

Mwanamke aliuchukua mfuko wa nguo, akauingiza ndani. Alipopata kazi ya msituni mtoto alikuwa hajatimiza mwaka, baba yake ameshaenda zake, na wafanyakazi walilala wanne chumba kimoja. Mtoto akabaki kwa bibi. Mama akawa anakwenda kumwona kila baada ya miezi mitatu, na kila akienda anaanza upya kama mgeni. Mwaka huu ndio alipewa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ofisi ya lango. Chumba cha pili akakipaka rangi mwenyewe, akanunua kitanda kidogo, akatandika shuka la maua. Shuka hilo lilikuwa na wiki sita bila kukunjamana.

Kazi yake sasa ilikuwa kuongoza wageni wanaokuja kutazama wanyama wa msitu wa mvua. Lakini kabla ya wageni ilikuwapo kazi nyingine, ya kuwazoesha mbega, wale weusi wenye mashungi meupe mgongoni, wasimkimbie binadamu. Kazi hiyo haina ujanja. Unakwenda kila siku, saa ileile, na nguo ileile. Unakaa mbali. Huwafuati, huwakodolei macho, huwanyooshei mkono. Unajifanya una shughuli zako. Mwezi wa kwanza walimkimbia akiwa hatua themanini. Alikaa chini ya miti isiyo na mbega hata mmoja, mvua inamshukia, hana wa kusema naye, akashona vifungo, akachambua majani, akajipigia hadithi za mtoto wake kwa sauti ya chini. Siku ya kwanza mbega mmoja alipokula jani huku akimwona, alilia. Mnyama hali mbele ya mtu anayemwogopa.

Hayo yote aliyajua. Na bado, siku ile basi liliposimama, alimkimbilia mtoto mikono wazi, akipiga kelele za furaha. Mwanagenzi wa msituni angefanya hivyo angerudishwa nyumbani siku hiyohiyo. Mtoto aliingia nyuma ya gauni la bibi, akakaa huko siku tatu.

Hakumwita mama. Hakumwita kitu chochote. Akiwa na kiu alimwambia bibi, "Mwambie anipe maji," na maji yakapita kwa bibi kama barua. Chakula alikwenda kukila kwenye mlango wa nyuma, ameinamia sahani. Usiku alilala na bibi kwenye kitanda kikubwa, na mwenye nyumba akalala sakafuni, kwa kuwa hakuwa na moyo wa kukilalia kile chenye maua.

Siku ya nne basi la kurudi lilikuwa saa nane mchana. Asubuhi kulikuwa na wageni wawili, daktari wa meno na mkewe, waliotaka kuona kundi la mbega la mtoni. Njia ya huko ni fupi na tambarare, na watoto wanaruhusiwa.

"Waje wote," alisema karani wa lango, ambaye mdomo wake haukujua likizo. "Bibi, njoo uone wakwe zako. Huyu dada yetu mbega wanamsikiliza kuliko sisi tunavyosikilizwa na wake zetu."

"Nakuja," alisema bibi, akishika fimbo. "Nikawaone hao nyani walioniibia binti."

"Ni mbega, mama."

"Mwizi ni mwizi."

Mwanamke alivaa koti lake la kijani. Wenzake walishapewa makoti mapya. La kwake lilikuwa limepauka mabegani na kupasuka mfuko, lakini hakulibadilisha, maana mbega walilijua hilo.

Kwenye daraja la mti aliwasimamisha wageni, akawaambia masharti, yaleyale anayoyasema kila siku. "Tukifika tunakaa chini. Usinyooshe kidole. Usimkazie macho mmoja. Usimfuate akiondoka. Mwache yeye akutazame kwanza, hata akichukua nusu saa. Na usimwonyeshe meno."

"Hata kutabasamu?" aliuliza daktari.

"Hasa kutabasamu. Ataona unataka ugomvi."

"Basi nimekwisha. Meno ndiyo yanayonilisha."

Mkewe akamfinya. Bibi akacheka mpaka fimbo ikatetemeka. Ila mwongozaji alisimama ghafla, kama mtu aliyesikia sauti yake mwenyewe ikitoka chumba kingine. Alimwona mtoto kwa pembe ya jicho, akageuza uso akatazama mto.

Tangu hapo hakumtazama tena. Hakumwambia njoo, hakumuuliza kama amechoka. Alitembea mbele, akawaonyesha wageni kinyesi kibichi na majani yaliyotafunwa nusu, kisha akasimama. Juu, kwenye mti mkubwa uliolalia maji, mikia myeupe ilining'inia kama mataulo yaliyoanikwa. Wote wakakaa. Bibi aliegemea gogo; haikupita muda akasinzia. Wageni wakang'ang'ana na darubini. Yeye akakaa peke yake, hatua kumi kutoka kwa wenzake, akatoa sindano na uzi, akaanza kushona mfuko wa koti akiwa amelivaa.

Mbega mmoja alishuka hadi tawi la chini. Kifuani alikuwa na mtoto mweupe pee, kama pamba.

"Yule ni mama yake?"

Sauti ndogo ilitoka kushoto, karibu kuliko alivyotarajia. Sindano ikamchoma. Hakugeuka.

"Hapana. Mama yake ni yule anayekula, pale juu. Wanapokezana kumbeba."

Jani likaanguka majini.

"Mama yake hajui amechukuliwa?"

"Anajua. Yeye mwenyewe alimtoa, apate kula."

"Mbona hamtazami?"

"Anamtazama," alisema mama, akivuta uzi. "Anamtazama kwa pembeni. Kila saa."

Mtoto alifikiri. Akasikika akimenya kitu. Mama alijua ni ile ndizi ambayo bibi alimtilia mfukoni. Ndizi ikaliwa taratibu, kipande kwa kipande, palepale, hatua nne kutoka kwake. Aliendelea kushona. Alishona mahali palepale mara mbili, maana macho yalikuwa hayaoni.

Wakati wa kurudi mtoto hakutembea nyuma ya bibi. Alitembea nyuma ya mwongozaji, akitia viatu vyake vidogo ndani ya alama za buti kwenye tope. Mama alisikia ile chwaka, chwaka, akafupisha hatua zake, wala hakugeuka.

Saa nane kasoro, mfuko wa nguo na mto vilikuwa mlangoni pa ofisi ya lango. Bibi alikaa kitako, akavuta pumzi. "Haya, mjukuu wangu. Sema mwenyewe. Unabaki au unaondoka?"

Karani wa lango aliacha kuandika.

"Naondoka," alisema mtoto. "Na bibi."

Mwanamke alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa bei. Akauchukua mfuko yeye mwenyewe, akaubeba mpaka kituoni. Mlango wa basi ulipofunguka aliweka mikono yake nyuma, ikashikana huko, isije ikamsaliti. Bibi akapanda kwa shida. Mtoto akapanda, akashuka tena ngazi moja.

"Likizo ijayo nikija," alisema, akiangalia mfuko wa koti ulioshonwa, "utavaa koti hilohilo?"

"Hilohilo."

"Usije ukavaa lingine."

"Sivai lingine."

Basi likaondoka. Alisimama mpaka vumbi likalala, kisha akarudi kwenye nyumba yenye vyumba viwili. Pembeni ya sinki bibi alikuwa amepanga vikombe kwa mtindo wake. Shuka la maua lilikuwa limenyooka vilevile. Alikaa kwenye kiti, si kitandani, mvua ikaanza kugonga bati, na nyumba nzima ikajaa kelele isiyokuwa na mtu.

Jioni karani alipita na furushi. "Dada, koti lako jipya limekuja. Hili la sasa hata mbega wanalionea haya."

"Mpe mwingine," alisema. Akalitundika lile kuukuu msumarini, mahali ambapo linaonekana kutoka mlangoni.