Bonde Lisilofiwa

Wenzake ofisini walimwita Bi Mwiko, na wala halikuwa tusi. Chungu cha fedha za afya kikishapikwa huko juu kwa wakubwa, yeye ndiye aliyepakua: mamlaka kumi na moja za mikoa, kila moja na sahani yake. Alipakua kwa kanuni. Idadi ya watu ndiyo iliyobeba uzito, kisha umaskini, kisha umbali wa zahanati, na nyongeza kidogo kwa mamlaka iliyopunguza vifo. Wakurugenzi walikuja wakaondoka, lakini yeye alikuwa palepale ghorofa ya nne, dawati la pembeni, miaka ishirini na sita, miwani imefungwa uzi.

Ndani ya kanuni hiyo kulikuwa na sharti alilolitunga mwenyewe ujanani, akalionea fahari: mamlaka isiyoleta ripoti isiadhibiwe. Pengo lisijazwe sifuri. Mashine ichukue takwimu za ripoti ya mwisho, iongeze asilimia tatu kila mwaka, maisha yaendelee. Barabara hukatika, makarani huugua, na mgonjwa hana kosa.

Kisha, asubuhi moja ya mvua, watu wakiwa wanafungua maduka, mlima ukaporomoka juu ya mamlaka ya bondeni, ndogo kuliko zote. Tope likafunika mji, ofisi na kituo cha afya. Waliosalimika walivuka kilima wakapiga mahema kwa jirani. Ungedhani mamlaka hiyo ingefutwa. Thubutu! Sheria ilisema mamlaka haifutwi mpaka baraza lake likutane na kupiga kura, na baraza zima lilikuwa chini ya tope. Mwezi uliofuata ripoti haikuja, na mashine ikajaza pengo.

Miaka tisa sasa ilikuwa ikijaza. Watu elfu sita na mia mbili walishafika elfu nane na ushei. Watoto waliozaliwa walikuwa kumi na mmoja mwezi ule wa mwisho. Sasa walikuwa kumi na wanne kila mwezi, na wote walichanjwa kwa wakati. Na kwa kuwa mwezi ule wa mwisho hakufa mtu, na sifuri hata uiongeze vipi hubaki sifuri, bondeni hakufa mtu tena. Walizaliwa tu. Mwaka wa tano mamlaka ikatunukiwa hati ya pongezi kwa kutokomeza vifo vya wazazi. Hati ikawekwa kwenye droo, maana hakutokea wa kuipokea, na mgao wao ukalala benki bila wa kutia sahihi.

Hapa hatutafunika kombe: Bi Mwiko alijua tangu siku ya kwanza. Kila mwezi alifungua ukurasa wa bondeni, akashuka kwa kidole hadi mstari wa watumishi. Wakunga: mmoja. Mkunga huyo alikuwa dada yake wa tumbo moja, na mwili wake haukupatikana. Kwenye ukurasa ule bado alikuwa kazini. Mara nyingine, saa nne asubuhi, ofisi imejaa watu na vikombe vya chai, Bi Mwiko alihisi mtu amesimama nyuma ya kiti chake, akisoma naye, akinukia sabuni ya kunawia ya hospitali. Hakugeuka. Aliogopa amkute, na aliogopa zaidi asimkute.

Nyumbani alikuwapo mama yao. Siku ya maporomoko mama alikuwa ametoka kupasuliwa moyo, na daktari akaonya asishtuliwe. Wakakubaliana kuficha wiki mbili tu, redio ikaondolewa nyumbani, apate nguvu. Mwezi ukaisha, mama akauliza, "Dada yako hajambo?" Bi Mwiko akajibu kwa yaliyokuwa kwenye karatasi: "Hajambo, mama. Mwezi huu kazalisha kumi na mmoja." Mama akacheka kwa raha, cheko ambalo nyumba ilikuwa imelisahau. Basi ikawa ndiyo desturi ya kila mwisho wa mwezi. Akiulizwa mbona dada haji wala hapigi simu: kule hakuna mtandao, barabara mbovu, likizo hakuna. Uongo mmoja humwita mwenzake. Mama akaanza kufuma kofia za vichanga, moja kwa kila mtoto, zikajaza sanduku zikaanza jingine.

Siku ya kufunga mgao akaingia daktari mkuu wa mamlaka jirani, suruali ina tope hadi magotini, daftari kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Keti."

Hakukaa. "Mama, waliotoka bondeni wako kwangu. Elfu moja na mia tatu, nimewahesabu mwenyewe hema kwa hema. Kwenye hesabu zenu bado wako kule."

"Kanuni ndivyo inavyo..."

"Jumapili kanifia mama mmoja mlangoni, na mtoto tumboni. Mkunga wangu alikuwa peke yake, anamzalisha mwingine." Daktari alishusha sauti. "Mtoto wake wa kwanza alizaliwa bondeni, kabla ya mlima. Basi muda wote anamwita mkunga wa kule. Anasema, si yule pale kasimama, mbona haingii? Mpaka mwisho, mama. Mbona haingii."

Harufu ya sabuni ilikuwa imejaa pale dawatini, kali kuliko siku zote.

"Siombi makubwa," daktari alisema. "Naomba mkunga mmoja tu."

Bi Mwiko alipokea daftari, akafungua ukurasa wa bondeni. Watu: sifuri. Mashine ikakataa, ikataka sababu. Akaandika: Wamekufa na kuhama. Akashuka mstari kwa mstari, waliozaliwa sifuri, waliochanjwa sifuri, mpaka kidole kikafika kwa wakunga, kikagoma. Alilia pale pale mbele ya mgeni, bila aibu. Kisha akaandika sifuri.

Safu kumi zilizobaki zikapanda pamoja. Ya jirani, iliyoongezewa wale elfu moja na mia tatu wa daftarini, ikapata nafasi za wakunga wawili. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa Bi Mwiko aligeuka nyuma. Hapakuwa na mtu. Mkurugenzi akatia sahihi bila kusoma, kama kawaida yake.

Jioni alimkuta mama kitandani ameegemea mto.

"Dada yako hajambo? Mwezi huu wangapi?"

Akakaa sakafuni, akamshika miguu. "Hakuna, mama."

"Hata mmoja?"

"Dada alikufa, mama. Mlima uliliangukia bonde, siku zile ulipopasuliwa moyo. Mimi ndiye niliyekudanganya."

Midomo ya mama ilitikisika kama anayehesabu. "Na wale watoto?"

"Hawakuwapo, mama."

Ndipo mama alipopiga yowe. Majirani walikuja mbio, mmoja angali na mikono ya unga, wakajazana chumbani. "Kuna nini? Nani kafa?"

"Dada yangu," alisema Bi Mwiko.

"Maskini! Lini?"

"Miaka tisa ili..."

"Leo!" mama alimkatiza kwa ukali. "Mwanangu kafa leo. Yeye na watoto wote."