Saa Iliyonitosha Mkononi

Nacheka, lakini hapa Kwedizinga bado napita njia ya nyuma nisikutane na Bwana Shamba.

Mimi ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima, yeye ni bwana shamba wetu. Msimu mzima tulilima shamba la kijiji, na kila alipokagua matuta yangu niliona ananikagua mimi. Siku moja akasema, "Mwalimu, twende Korogwe ukanichagulie saa ya kike. Chagua kama vile unachagua yako."

Kwetu mwanamume hatamki haja yake waziwazi, huizunguka kwanza. Basi yaliyobaki nikayamalizia mwenyewe.

Duka lilikuwa Old Korogwe. Mama wa Kihindi akatoa saa ya Uswisi, nyembamba, vijiwe vinametameta kuzunguka kioo, mkanda kama bangili. Nikaiweka sikioni. Kimya.

"Mama, hii imekufa."

"Ya betri hiyo, binti. Haipigi kelele, haitiwi ufunguo."

Ilinipwaya. Kwa madaha nikaagiza mkanda upunguzwe, akatoa pingili tatu. Nikamnyooshea Bwana Shamba mkono, macho chini kama bibi harusi.

"Imependeza sana," akasema, kisha akamgeukia mama. "Ila pingili zirudishe zote. Mchumba wangu wa Masuguru ana mkono mnene."

Mama alinitazama, akaushika mkono wangu taratibu, akaanza kuifungua. Saa ile haikutoa sauti. Moyo wangu, naapa, duka zima liliusikia.