Vidole Vitatu Kinywani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kaimati ilikataa kuingia kinywani mwangu. Kaimati! Tena arusini, mbele ya wanawake wa Amu nzima, Lamu yetu hii, nami ndiye niliyeongoza vugo, zile nyimbo zetu za kugonga pembe. Nikairudisha sahanini nikasema nimeshiba.

Uongo mtupu. Mwaka mmoja nyuma nilitibiwa saratani ya nyuma ya pua. Ilianza kwa sikio kuziba na uvimbe shingoni. Nikapelekwa Nairobi, nikapigwa mionzi wiki saba, na dawa za mshipani juu yake. Mate yalikauka, lakini ugonjwa ukaondoka, alhamdulillahi. Daktari alinionya kuwa mionzi hukaza taya. Akanifundisha kukipanua kinywa kila siku, mpaka vidole vitatu vilivyopangana viingie kati ya meno ya juu na ya chini.

Basi mimi na ujana wangu! Nyumba zetu hizi dirisha la jirani lakutazama usoni. Nikaona haya kuachama kama samaki changu sokoni. Nimeshapona, nikajiambia, mazoezi ya nini? Nikaacha, na taya zikakazana kidogo kidogo mpaka kikawa hakiingii ila kidole kimoja.

Somo yangu, Bi Zuhura, yule aliyenifunda nilipoolewa, aliiona ile kaimati ikirudi. Akanivuta kando.

"Fungua kinwa."

"Somo, watu wanatuona."

"Na waone! Mionzi hukuionea haya, leo waona haya kuachama? Sauti yako wataka kuizika nawe ungali hai?"

Nililia, mwanangu. Niliogopa sitaimba tena. Kesho yake asubuhi akaja, akakaa mbele yangu, akaachama naye, na mapengo yake yote! Tulicheka hata mbavu zikauma. Wala hakuja siku hiyo moja tu. Alikuja kila siku, miezi na miezi. Haba na haba hujaza kibaba. Kidole cha pili kikaingia, na cha tatu kilipoingia alipiga kigelegele, hata punda aliyekuwa akipita ndiani akaitikia.

Ni miaka ishirini na mitatu sasa, na bado naimba. Wewe umerudi juzi kutoka mionzini, na mama yako aniambia kinywa chako wakifunika kwa mtandio na mazoezi huyataki. Usinikere! Mficha maradhi kifo humuumbua, na aliyepona naye asifiche yaliyobaki. Achama, wakucheke wanaocheka. Chupa ya maji iwe mkononi mwako hata arusini, mimi yangu wanaiita mke mwenza, kwa kuwa haibanduki kwangu. Jino likiuma usiling'oe kabla ya kumwambia daktari kuwa ulipigwa mionzi, maana mfupa wa taya uliopigwa mionzi huwa mzito kupona, na siku zako za kliniki usizikose hata ukijiona mzima kama kigongo.

Mola akupe umri mrefu, akupe na sauti ya kunishinda mimi. Kesho asubuhi nakuja kwenu, nitakaa mbele yako niachame. Mapengo sasa ninayo mimi.