Kopo la Chumvi katika Makumbusho ya Kindu

Nilipostaafu ualimu wa historia nilibaki na sauti nyingi bila wa kuisikiliza. Kwa hiyo wakuu wa mji waliponiomba nisimamie kazi ya kuigeuza ile nyumba ya zamani karibu na stesheni iwe makumbusho ya mji wetu wa Kindu, nilikubali kabla hawajamaliza kusema. Ni nyumba ya matofali yenye baraza pana, aliyojengewa mkubwa mmoja wa reli wakati wa Wabelgiji. Serikali imeiweka miongoni mwa majengo yanayolindwa: ni marufuku kubomoa ukuta wala kupanua dirisha. Mchwa tu ndio hawakuambiwa.

Nyumba hiyo niliijua. Wakati wa vita, risasi zilipoanza kupita juu ya paa letu, mimi, mke wangu na watoto tulikimbilia humo pamoja na familia nyingine, tukawa tunapikia barazani. Treni zilikuwa zimesimama, mashua hazikuja, na chumvi ikapotea mjini. Mke wangu, ambaye ni muuguzi, alikata magugu ya mtoni, akayakausha na kuyachoma, akayachuja majivu kwa maji, kisha akayachemsha maji hayo mpaka ikabaki chumvi nyeusi kidogo. Mchango wangu ulikuwa kuonja na kusema kwamba ni chungu.

Lakini makumbusho niliyoyataka mimi hayakuwa na mambo ya jikoni. Nilitaka misafara ya Wazanzibari, meli za mtoni, migodi ya Kalima: historia yenye mavazi mazuri. Mafundi walipoinua mbao za sakafu ya stoo wakaokota kopo jeusi lililotobolewa matundu, lenye mshikio wa ngozi, nililifuta vumbi kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Nikaliweka mezani ukumbini na kuliandikia kibao: “Chujio la kale la wachimba madini.” Nani alinithibitishia? Tai yangu ya shingoni.

Siku ya ufunguzi nilivaa suti, nikawaeleza wageni habari za kopo lile. Nilieleza vizuri mno. Nilionyesha hata namna mchimbaji alivyoinama mtoni. Mke wangu, aliyekaa mbele, akaanza kutikisika mabega kwa kicheko.

“Papa,” akasema, “iyo njo kopo yangu ya chumvi.”

“Mama, tuwaache wageni wasikilize,” nikamjibu. “Kwa upande wa sayansi, bado tunachunguza.”

“Basi chunguza mukono wake. Iyo njo mukaba yako.”

Nikaligeuza kopo, nikautazama mshikio. Ngozi ile ilikuwa na tundu moja la ziada, nililolitoboa mwenyewe kwa msumari nilipoanza kukonda. Sasa, mkanda huo una historia yake. Uliponipotea vitani nilidhani umechukuliwa na wanajeshi waliopita kutupora, na tangu hapo kila nilipowasimulia watoto, nilizidi kupigana na wanajeshi hao. Katika masimulizi ya mwisho walikuwa wamekimbia.

“Ulikuwa umekonda, mukaba haikukufaa tena, nikaikata,” mke wangu akaongeza kwa upole, jambo ambalo halikunisaidia. Ukumbi mzima ulicheka. Mimi pia nilicheka, nikiwa nimechelewa kidogo.

Kicheko kilipotulia, mama mmoja wa sokoni akasimama, akaonyesha mlango wa chumba cha pili.

“Miye nilizalia mule,” akasema. “Ule mama njo alinipokelea mutoto.”

Alikuwa akimwonyesha mke wangu. Wengine wakaanza kusimulia walilala wapi, nani alikufa barazani, nani alisukuma baiskeli mpaka Pangi kutafuta mafuta ya mawese. Nilikuwa na hotuba mfukoni. Niliiacha mfukoni, na nadhani hiyo ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya katika makumbusho yale.

Leo chumba kile cha pili ni cha kumbukumbu za vita, na mke wangu ndiye anayekisimamia. Wanafunzi hujazana kwake, kwani huwachemshia chumvi waione kwa macho. Wazanzibari wangu wa kwenye picha wanakaa ukumbini peke yao. Juzi alinituma mtoni kukata magugu. Nikashuka na viatu vya ufunguzi, nikazama matopeni mpaka magotini, na wavuvi waliotoka Lokandu wakanivuta huku wakiniuliza kama sina mke wa kunishauri.

“Ninaye,” nikawaambia. “Njo yeye alinituma.”