Lipu ya Nyumba ya Bimdogo

Yumna alirudi kwao, mtaa wa Kibokoni, na shahada mbili za majengo ya kale, na ofisi moja ya ukarabati ikamkabidhi kazi aliyokuwa akiililia: kusimamia matengenezo ya nyumba ya bibi yake, Bimdogo. Bibi alikuwa na ombi moja tu, afie ndani ya nyumba alimozaliwa. Maskini Yumna aliliona jambo hilo jepesi, maana kuta za matumbawe alizisoma mpaka akaziota.

Fundi alikuwa Mzee Athmani, ambaye babake naye alikuwa fundi wa nyumba ile ile. Bibi alitaka kazi iishe kabla ya Ramadhani, na chokaa, lipu ya asili ya nyumba hizo, haina haraka, hukauka ipendavyo. Athmani akaona apige lipu ya saruji, akaanza. Hapo alikosea, na mimi simtetei. Saruji huyaziba matumbawe, unyevu hukosa pa kutokea, nao huzila ncha za boriti zinazobeba dari.

Yumna aliyajua yote hayo. Lakini kujua jambo ni kitu kimoja na kulifikisha ni kingine, na hicho cha pili hakuna chuo kilichomfunza. Baada ya alasiri alimkuta fundi barazani na wazee wenziwe, wanakunywa kahawa, akafungua kompyuta yake akaanza kumsomesha, picha baada ya picha. Alipomaliza akasema, na mtaa mzima ukasikia, kwamba fundi anayepiga saruji juu ya matumbawe hajui kazi yake. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na Yumna alijikwaa mbele ya baraza zima.

Athmani hakujibizana naye. Alisema mwenye nyumba ndiye wa kuchagua. Bimdogo, uso umemshuka kwa utovu wa adabu wa mjukuu wake, akamchagua fundi. Yumna akaenda zake kuandika ripoti ndefu, nzuri, isiyo na kosa hata moja. Saruji ikapigwa mpaka ukuta wa mwisho.

Masika ya pili dari ya chumba cha juu ikaporomoka. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, ila nyumba ilifungwa isikaliwe tena, na bibi akahamishiwa fleti moja kule Tudor, akiambiwa ni mpaka matengenezo yaishe, akawa mtu wa kitandani.

Siku moja Athmani alikuja kumjulia hali. Alipoaga, Yumna akamsindikiza ngazini, na uchungu ukamshinda.

"Ami, si nilisema?"

"Ulisema, mwanangu. Nami nalijua. Babangu alinifunza chokaa kabla hata mamako hajazawa." Mzee akasimama, mkono ukutani. "Jioni ile nalikungoja nyumbani. Ungalikuja tukazungumza sisi wawili, asubuhi yake ningaliibandua mwenyewe. Lakini mbele za watu, ningalirudi nyuma vipi? Kibri changu, na ulimi wako. Mungu atusamehe."

Yumna akamtazama akishuka ngazi. Nyumba ya Athmani ilikuwa kichochoro cha pili tu kutoka kwao Kibokoni. Angebisha hodi, angepewa na chai. Alijuta, na ile haki aliyokuwa nayo siku zote haikumpunguzia kitu.

Aliporudi chumbani, bibi alikuwa macho. Akataka kujua fundi amesemaje, kazi yaisha lini, maana amechoka kulala nyumba za watu.

"Imebaki kidogo, bibi," Yumna akasema, akamfunika miguu.