Polishi Nyekundu Kwenye Uwanja wa Tenisi

Mama alikuwa amesema neno lake Alhamisi, na mama yangu hakuwa mtu wa kulirudia neno. Wageni wa tenisi wakija Jumamosi na kuona kwamba tunachofanya nyuma ya ukumbi wa mtaa ni kitu cha maana, nitaendelea kucheza. Wakiona ni upuuzi, raketi yangu itaingia jikoni ichemshe maharagwe. Alisema hivyo akichagua mchele, bila hata kuniangalia. Nilijua hatanii.

Raketi yenyewe ilikuwa ya mbao tupu, haina nyuzi. Baba alikuwa mchongaji, na kazi yake ilikuwa twiga na vifaru wa kuuzia watalii mjini. Siku moja alibakiwa na ubao wa mjakaranda, akanichongea raketi yenye mpini uliotosha mkono wangu sawasawa. Mama aliiona kama chanzo cha maovu yote. Msichana wa miaka kumi na minne, mwana wa kiongozi wa chama cha akina mama kanisani, anakimbia na kuruka mbele ya wavulana huku sketi ikipepea! Watu wa kwetu Ukambani wangesema nini? Nilimjibu kwamba watu wa kwetu hawapiti huku mtaani Makadara. Nililipia jibu hilo kwa kufua mashuka ya nyumba nzima.

Uwanja ulikuwa sakafu ya saruji iliyoachwa nyuma ya ukumbi. Siku za kazi akina mama walianika mahindi hapo. Jumamosi tulifagia punje, tukachora mistari kwa chokaa na kutandaza wavu wetu, ambao ulikuwa magunia yaliyoshonwa pamoja. Aliyetufundisha tulimwita Mwalimu, ingawa alikuwa karani wa reli. Alitoka upande wa magharibi, na aliujua mchezo tangu utotoni, alipokuwa akiwaokotea mipira wazungu kwenye klabu yao. Ndiye aliyesikia kwamba kuna watu wanaozunguka dunia wakitaka tenisi ichezwe na watu wa kawaida, si wenye vilabu peke yao. Akawaomba waje watuone.

Jumamosi hiyo nilitumwa tangu jogoo la kwanza kwa shangazi, kule mtaa wa Tena, kuazima vikombe vya chai ya wageni. Niliporudi nilimkuta Mwalimu amesimama kwenye kona ya ukumbi, suruali yake nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata, na mikono yake imening'inia tu. Nilifuata macho yake. Vikombe vilikaribia kunitoka.

Uwanja ulikuwa mwekundu, na uling'aa.

Mama na chama chake kizima walikuwa wamepiga magoti juu yake wakiimba pambio, makopo ya polishi kando yao, kila mmoja na kipande cha blanketi mkononi. Walikuwa wameufanyia kile kila mwanamke wa mtaa wetu alichofanyia sakafu ya nyumba yake mgeni akitarajiwa. Walikuwa wameudeki, wakaupaka polishi, na sasa walikuwa wakiusugua ung'ae. Chokaa yetu haikuonekana popote. Mama aliinua kichwa, jasho likimtiririka, uso wake umejaa furaha ambayo sikuwa nimeiona kwa muda mrefu.

"Mwalimu, sasa hapa ni mahali pa watu," alisema. "Mgeni hata akitaka kulala, alale."

"Asante sana, Mama," Mwalimu alisema.

Nilingoja aendelee. Hakuendelea. Angeendeleaje? Wanawake walioweza kumzaa walikuwa wamepiga magoti tangu alfajiri kwa ajili ya wageni wake, awaambie nini? Heshima ilikuwa imemfunga mdomo, na wageni walikuwa njiani. Lakini raketi iliyokuwa ikielekea jikoni ilikuwa yangu, si yake. Hasira ikanipanda, na hofu juu ya hasira.

"Mama, mmeuharibu," nilisema.

Pambio likakatika. Wanawake wote wakageuka.

"Rudia," Mama alisema.

"Mmeuharibu. Mtu hawezi kukimbia juu ya polishi. Tutaanguka wote, wageni watacheka waende zao."

Alisimama polepole, magoti yake mekundu kana kwamba amechubuka. Alinijia, nami sikurudi nyuma. Mpaka leo najua nilisema kweli.

"Mimi nimeinama tangu jogoo la kwanza," alisema kwa sauti ya chini, ile mbaya zaidi, "kwa mchezo ambao hata siupendi. Na wewe unaniambia nimeharibu. Mbele ya wenzangu."

Hapo Mwalimu, pengine kwa kutaka kutuamua, alichukua mpira na kuingia uwanjani. "Wacha nijaribu tu, Mama. Nijaribu kidogo." Aliudunda mpira mbele yake. Badala ya kupanda ulichapuka chini kwa chini ukaenda zake. Akaunyooshea mguu. Mguu ukaenda na mpira, yeye akaenda na mguu, na karani wa reli akakaa chini kwa kishindo.

Alipoinuka, makalio ya ile suruali nyeupe yalikuwa mekundu tele. Nyuma yangu kijana mmoja wa kikundi chetu akanong'ona, "Manze, sasa tumekwisha." Hakuna aliyecheka. Siku nyingine yoyote tungecheka wiki nzima.

Mama aliitazama suruali. Akautazama uwanja. Kisha akaniangalia mimi.

"Leteni mafuta ya taa," aliwaambia wenzake. "Na majivu. Kila nyumba, majivu yote ya jiko. Na magunzi ya mahindi ya kusugulia."

Wakarudi chini. Sasa hawakuimba. Walimwaga mafuta ya taa, wakasugua kwa magunzi, wakanyunyiza majivu yanywe mafuta, wakafagia. Sisi tulibeba ndoo huku masikio yetu yakiwa barabarani. Kila gari lilipopunguza mwendo niligeuka kutazama. Nusu ya kwanza ilikuwa imerudi rangi ya saruji, wavu umeshatandazwa, nusu ya pili bado ni nyekundu, gari jeupe lilipoegeshwa kando ya ukumbi.

Mgeni alikuwa mwanamke mrefu wa Kizungu mwenye kofia, na pamoja naye wanaume wawili wa hapa nchini waliovaa tai. Walisimama ukingoni. Waliona majivu, harufu ya mafuta ikawapiga, wakaona akina mama wamepiga magoti. Mmoja wa wenye tai aliangalia saa yake, akamwambia Mwalimu labda warudi siku nyingine. Nilijua siku nyingine maana yake ni nini. Maharagwe.

"Mwambieni mgeni asubiri," Mama alisema bila kuinuka. "Nyumba haijamalizika kupigwa deki."

"Hatuna muda, Mama," mwenye tai alisema.

Ndipo nikaingia. Nilivua viatu, nikashika raketi, nikaenda kusimama upande mwekundu, pale ambapo hawakuwa wamefika. Nilimwita yule kijana aliyenong'ona asimame upande safi, anirushie. Polishi haikuwa ngeni kwangu. Kila Jumamosi ya maisha yangu nilikuwa nimeng'arisha sakafu yetu nikiteleza na blanketi chini ya miguu. Nilijua kukunja magoti, kutopiga hatua ndefu, kuuacha mwili uende kisha kuushika. Mpira ulikuja chini kwa chini. Niliteleza nao, nikauinua kwa ubao wa Baba, ukapita juu ya magunia. Akaurudisha. Nikateleza upande wa pili. Niliwapita akina mama karibu kiasi cha kumgusa mmoja kitambaa cha kichwa, na hawakuondoka. Nilianguka mara moja kwa goti, nikainuka. Sikuthubutu kumtazama mgeni. Nilisikia tu gunzi la Mama likisugua, likisugua, kisha likanyamaza.

Wageni walikaa mpaka chai. Walitushikisha raketi za nyuzi, mgeni akacheza nasi peku, akaanguka na yeye, na hapo ndipo watu walipocheka. Waliahidi watarudi. Sikumwamini yeyote bado, maana neno la mwisho halikuwa lao.

Jioni niliingia nyumbani nikakuta jiko linawaka. Mama ameketi kando yake, sufuria ya maharagwe iko juu, na raketi yangu iko mapajani mwake. Baba alikuwa ameinamia kifaru wake mlangoni, na alikuwa ameacha kuchonga. Nilisimama. Makaa yalikuwa yamepungua. Moto ulihitaji kuongezwa.

"Ulinivunjia heshima leo," Mama alisema.

"Ndiyo, Mama."

Aligeuza raketi, akaona mpini umejaa wekundu wa mikono yangu. Alichovya kitambaa katika mafuta ya taa, akaanza kuufuta, polepole, mpaka ubao ukarudi rangi yake. Kisha akaninyooshea.

"Itundike kwenye msumari ule. Na Jumamosi ijayo ufagie huo uwanja mwenyewe, mapema. Mimi magoti yangu yameisha."

Baba akaanza kuchonga tena.